Hyasinta Mbena, Aliyetunga "Uso Dirishani"

Baba Paroko, ndugu wa ukoo wa Mbena, majirani wa Gerezani, wafanyabiashara wa Kariakoo mliofunga maduka mkaja, na wageni wote mlioketi chini ya maturubai haya, mimi ni Isidori, mdogo wake marehemu, na ukoo umenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, kazi niliyoipokea kwa heshima lakini pia kwa hasira, na hasira yenyewe sitaificha, kwa sababu tangu juzi redio na simu za watu zinatangaza kwamba leo Dar es Salaam inamzika "binti wa kwenye wimbo wa Jumatano". Huyu aliyelala hapa mbele yetu hakuwa binti wa kwenye wimbo wa mtu yeyote, wimbo ni wake, aliutunga yeye.

Hyasinta Onesphory Mbena alizaliwa tarehe 3 Septemba 1962 katika kota za reli, hapa hapa Gerezani, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto wanne wa marehemu Mzee Onesphory Mbena, fundi wa ishara za reli, na marehemu Mama Adelina, aliyekuwa akishona sare za shule nyumbani, akabatizwa Krismasi ya mwaka huohuo, na wanaomkumbuka utotoni wanasema alikuwa mbishi, jambo ambalo mimi namshukuru Mungu kwalo.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1970, akamaliza la saba mwaka 1976, akachaguliwa kwenda sekondari na kuhitimu kidato cha nne mwaka 1980, na katika miaka hiyo ndipo alipojifunza kinanda kanisani, kile cha kukanyaga kwa miguu, kwa sababu mpiga kinanda wetu alikuwa mtu wa kuugua ugua na Hyasinta hakuweza kuvumilia kwaya ikienda kombo, akakikalia kiti bila kuombwa na mtu, akapiga. Mwaka 1981 alisoma uhazili, na tarehe 1 Machi 1982 akaajiriwa kuwa mpiga chapa katika ghala moja la vipuri karibu na reli, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na tano, hadi alipostaafu mwaka 2017 bila barua hata moja ya onyo.

Sasa nifike kwenye wimbo, na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana nusu yenu mmeucheza kwenye harusi zenu bila kujua mnacheza nini.

Mwezi Februari 1984 mama yetu alilazwa kwa kifua kikuu, akawekwa wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu peke yao, na sisi watoto tukakatazwa kuingia, kwa hiyo kila siku baada ya kazi Hyasinta alisimama uani, chini ya ukuta, mpaka mama ajikongoje kutoka kitandani na kulifungua dirisha, watazamane. Walifanya hivyo miezi minne, hadi tarehe 19 Juni mama alipofariki, na mwaka uliofuata dada yangu akaandika maneno ambayo mnayajua wote, "Fungua dirisha nikuone uso, mlango wamenikataza", maneno ambayo redio zetu zimetufundisha kwamba ni kilio cha mvulana aliyefukuzwa na baba wa msichana. Hakuna mvulana, hakuna msichana, kuna mama mgonjwa na binti yake.

Mkiuliza kwa nini basi unachezeka, jibu ni kwamba wakati ule vijana wa mjini walikuwa wamekolewa na ule muziki wa wimbi jipya uliokuja kwa kanda kutoka Ulaya, wa vinanda vya umeme na ngoma za mashine, naye alikuwa kijana kama wengine, akaazima kinanda cha umeme cha marehemu Mzee Chandu, mwenye duka la kunakili kanda Kariakoo, akaupiga kwa kasi makusudi, kwa sababu alijaribu kuupiga polepole akashindwa kufika mwisho kwa kulia. Walirekodi Jumamosi tarehe 12 Oktoba 1985 katika ukumbi mmoja Buguruni, Hyasinta kwenye kinanda, marehemu Kitwana kwenye gitaa, na sauti ikawa ya Taimur Humoud, kwa kuwa dada aliogopa kwamba akiimba mwenyewe sauti itamkatika.

Kosa la kwanza ni langu, na nalisema mbele ya jeneza. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimeajiriwa kwenye kaunta ya Mzee Chandu, na utaratibu wa maduka yote ya kanda ulikuwa mmoja, kanda ikiletwa kunakiliwa unabandika karatasi, unaandika jina la aliyeileta na siku atakayokuja kuichukua, basi. Jumatatu tarehe 14 Taimur alileta kanda, akaomba nakala thelathini, nami nikaandika "TAIMUR, JUMATANO", nikaiweka kwenye rafu, mwenzangu wa zamu akanakili kanda pamoja na karatasi yake, wateja waliosikia ikipigwa dukani wakataka na wao, na kufikia Krismasi mji mzima ulikuwa ukiomba wimbo wa Jumatano wa Taimur. Hivyo ndivyo wimbo unaoitwa "Uso Dirishani" ulivyopewa jina la siku ya kuchukulia mzigo. Ndani ya wimbo huo hakuna Jumatano, tafuteni, na bado nimemsikia mtangazaji mmoja akitumia nusu saa kueleza kwamba Jumatano ndiyo siku wapenzi hao walipokuwa wakikutana.

Hyasinta alikuja dukani na kanda mkononi, akaniuliza, "Isidori, hili jina umelitoa wapi?", nikamweleza, na Mzee Chandu, ambaye hakuwa mtu mbaya, akamwambia, "Dada, kanda zishatoka, sasa tutazunguka nyumba ngapi kubandua karatasi?", nami nikanyamaza, kwa kuwa nilitaka kazi yangu. Taimur naye hakuwahi kusema "nimeutunga mimi", haki yake nampa, yeye alikuwa akiulizwa anatabasamu tu, na kutabasamu huko kulimfikisha Muscat mwaka 1987 na kumrudisha mwaka 2003 akiwa gwiji.

Tarehe 6 Agosti 1988 marehemu alifunga ndoa takatifu na Bwana Gaudensi, aliyekuwa dereva wa lori, na Mungu akawajalia watoto wawili, Krispina aliyezaliwa mwaka 1990 na Onesphory aliyezaliwa mwaka 1993, na katika sherehe hiyo ya ndoa msema chochote, yule mshereheshaji, alisimama, akaweka wimbo, na kwa kuwa watu walijua bibi harusi alirekodi na Taimur wakajiunganishia wenyewe, akatangaza kwa furaha kwamba ndio huu aliotungiwa bibi harusi na mpenzi wake wa zamani. Shemeji yupo hapa, anakumbuka, alikaa meza kuu akiangalia sahani yake, na kwa miaka yote iliyofuata, gereji, kijiweni, hata msibani, amekuwa mtu wa kuulizwa anajisikiaje kuoa mke wa wimbo wa mwenzake. Hakumjibu mtu vibaya hata mara moja, ila mimi leo namjibia, mliomuuliza hivyo mlikosa adabu.

Mwaka 2021 vijana wakaurudia wimbo huo kwa mapigo mapya, ukasikilizwa na mamilioni, na mwaka uliofuata Taimur alialikwa redioni, akaulizwa ni nani yule binti wa dirishani, akacheka, akasema, "Muacheni, ni mke wa mtu sasa." Hyasinta alikuwa jikoni anakatakata bamia, akaacha kisu, akapiga simu kituoni, akasema yeye ndiye mtunzi, na kijana aliyepokea akamjibu, "Mama, shikamoo, lakini huo wimbo kila mtu anajua ni wa nani." Aliitikia marahaba, akakata simu, akamalizia bamia zake, na tangu siku hiyo hakuongelea wimbo nyumbani kwake.

Shinikizo la damu lilimsumbua kwa muda mrefu, na mwezi Machi 2024 madaktari waligundua kwamba figo zimeshindwa kazi, akaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, akaenda mwenyewe kwa basi la mwendokasi mpaka miguu ilipokataa, na tarehe 2 Mei mwaka huu akalazwa. Huko wodini muuguzi mmoja, Mwanamize, alikuwa akibadilisha dripu huku anauimba wimbo huo, dada akamwambia, "Huo nimeutunga mimi," muuguzi akasema, "Sawa, bibi," akaendelea kuimba, kama wote tulivyofanya. Tofauti yake na sisi ni kwamba kesho yake alirudi, akavuta kiti, akauliza, "Bibi, niambie, ulikuwa unamwambia nani afungue?" Katika miaka karibu arobaini huyo ndiye mtu wa kwanza kuuliza. Dada alimweleza, kisha akamfundisha ubeti wa pili, ule wenye jina la mama Adelina na kanga yake kwenye nondo za dirisha, ambao siku ya kurekodi uliachwa kwa sababu kanda ilikuwa inakaribia kuisha. Jumanne tarehe 20 Mei 2025, saa nne asubuhi, Hyasinta alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Ukoo unawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Gerezani mliopika na kulala nasi, wafanyakazi wenzake wa ghalani, kwaya, na Krupa, binti wa Mzee Chandu, aliyefunga duka siku nne na kutuletea viti.

Namshukuru pia Bwana Taimur Humoud kwa kufika, ameketi pale mstari wa pili, na jana jioni alikuja nyumbani kuomba auimbe wimbo makaburini kumuaga marehemu. Wazee walikaa, wakakubali kwa masharti mawili, atangaze kwanza jina la mtunzi, halafu aimbe beti zote mbili. Sharti la kwanza amelikubali, akiwa ameinamisha kichwa, na mimi nimempa mkono. La pili alituuliza, ubeti wa pili ni upi.

Kwa hiyo ataimba ule mmoja anaoujua, na Muuguzi Mwanamize atamaliza.

Dada, nimesoma jina lako lote, mbele ya watu, nimechelewa, unisamehe, pumzika sasa kwa amani.