Safari Hii Mzee Isamu Anaondoka Kweli

Jumamosi, tarehe 31 Oktoba 2009, Mzee Isamu Kakizaki anastaafu baada ya miaka tisa ya kuandika tamthilia ya upelelezi ya Kiswahili ya kituo chetu cha televisheni cha jamii hapa Brooklyn Center, Minnesota. Najua wasomaji wa jarida hili mtaguna, maana wasifu wake mmeshausoma mara mbili. Wa 2007 niliuandika, keki ikaliwa, Jumatatu mzee akarudi kazini na kofia yake kichwani. Wa 2008 vilevile. Mwenzenu mfasiri nimechoka kumuaga mtu asiyeondoka. Lakini safari hii tiketi nimeiona kwa macho yangu, kwa hiyo tuanze upya.

Kwa wasiomjua, mzee ni Mjapani wa Niigata, mkoa wenye theluji nyingi, ndiyo maana baridi ya hapa haikumtisha. Kwa zaidi ya miaka ishirini aliandika hadithi za upelelezi za televisheni kule Tokyo, zile ambazo mwishoni muuaji huungama akiwa amesimama ukingoni mwa jabali. Aliacha yote hayo kumfuata mkewe, Bibi Fumiko, aliyepata kazi ya kufundisha Kijapani katika chuo kimoja cha Saint Paul. Mkurugenzi wetu, Erick, alikuwa mwanafunzi wa mama huyo, naye ndiye aliyemwomba mzee aje siku moja tu autazame mswada wetu. Mzee akaja, akausoma, akauliza majabali ya Minnesota yako wapi. Tukamwambia hakuna, labda amsimamishe muuaji juu ya maegesho ya magari kule madukani Roseville. Akacheka, akabaki.

Mswada wake wa kwanza kwetu ulikuwa kituko. Yeye aliandika kwa Kiingereza, mimi nikatafsiri. Mwanamume amekutwa amekufa, mjane ameketi peke yake dirishani, mvua inanyesha, mpelelezi anabisha hodi, wanazungumza wawili. Nilitafsiri kama ulivyo, maana nilikuwa nimetoka kazini na akili imelala. Tulipokaa kuusoma, Dafrosa, mwigizaji wetu mkongwe anayeuguza wazee kule Woodbury, aliweka karatasi chini akauliza watu wako wapi. Jamani, msiba gani huo hauna watu? Viatu vya wageni viko wapi mlangoni, mikeka, masufuria, akina mama jikoni? Alisema mpelelezi akiingia kwenye msiba wetu, kabla hajauliza swali la kwanza atakuwa ameshikishwa sahani ya pilau. Na kama kweli huyo mjane ameachwa peke yake, basi wahalifu ni sisi sote.

Mzee hakubisha. Aliomba apelekwe msibani, na kwa kuwa misiba haikosi, hakungoja sana. Alikaa pembeni matanga yote, akala alichopewa, akatazama. Tangu hapo kila kipindi chetu kilianzia msibani. Mpelelezi wake hamkimbizi mtu wala hatoi bastola. Anakaa na wafiwa, anasaidia kugawa chai, na anaona nani hali, nani anakula mno, nani anang'ang'ania kuosha vyombo ili asikae na wenzake. Mwishoni hamtaji mhalifu. Anammiminia kikombe cha chai, anampa kwa mikono miwili, anaketi kando yake kimya, na mtazamaji anaelewa. Hicho kikombe ndicho kilichoshika nafasi ya jabali.

Kanuni yake moja ya Tokyo ilimshinda hapa. Alizoea kusema kwamba ukitaka kumjua mwenye siri, mtafute aliyechoka kuliko wote, kwa sababu mwenye siri hapati usingizi. Siku ya kwanza ya mazoezi akatutazama, chumba kizima kinapiga miayo. Duncan, Mkenya anayeigiza mpelelezi, akamfungua macho: "Mzee, hapa kila mtu ana-work double. Ukishika mwenye amechoka, utatushika sisi wote." Kwa hiyo akawa anaandika maonyesho mafupi, ya kurekodiwa Jumapili alasiri kabla watu hawajakimbilia zamu. Kuna siku Duncan alisinzia kwelikweli katikati ya kumhoji mshukiwa, na mzee akakataa kipande kile kikatwe. Watazamaji walipiga simu kumsifu mpelelezi kwa ujanja wa kujifanya amelala. Duncan anajivunia usingizi ule mpaka leo.

Februari 2005 Bibi Fumiko alifariki. Mzee hakumwambia mtu. Erick alipata habari chuoni, tukaenda nyumbani kwake Roseville, tukamkuta ameketi peke yake dirishani. Iliniuma, kwa sababu alikuwa vilevile kama yule mjane wa mswada wake wa kwanza. Dafrosa hata pole hakuanza nayo. Alivua viatu, akaingia jikoni, akauliza sufuria kubwa iko wapi. Haikuwepo, ikaletwa. Nyumba ikajaa, mikeka ikatandikwa sebuleni, watoto wakakaa kwenye ngazi na Kiingereza chao. Mbele ya picha ya marehemu mzee alikuwa ameweka kikombe cha chai ya kijani, ndiyo desturi ya kwao. Dafrosa alipoona imepoa aliimwaga, akaweka ya maziwa na tangawizi. Nilitaka kumzuia. Mzee akanishika mkono, akasema Fumiko alikuwa mtu wa kupenda kujaribu vitu. Hapo ndipo alipolia, na sisi tukalia naye.

Baada ya mazishi, kila Jumapili asubuhi alikwenda makaburini na ndoo na brashi kuliosha jiwe la mkewe. Kwao ni aibu na ni uchungu kaburi kukosa mtu wa kulitunza. Theluji ikianguka, alilifagia. Sisi, ambao wengi wetu tunawasafirisha marehemu wetu kwenda kuzikwa nyumbani, tulimwonea huruma tu tusiulize zaidi.

Wakati huohuo dada yake mkubwa alikuwa anazeeka peke yake kule Niigata, na kila mwaka alimpigia simu akimsihi arudi. Ndiyo maana ya kule kumuaga mara mbili. Mzee alikubali, kisha akaghairi, akisema bado kipindi kimoja. Erick alikasirika, mimi nikadhani ni mapenzi ya kazi. Kumbe mtu ana wawili wanaomhitaji, mmoja yuko hai na mmoja yuko chini ya jiwe, na bahari iko katikati. Wala hakutaka kumwomba yeyote kati yetu amtunzie kaburi. Aliniambia juzi kwamba kumwomba mtu aliyechoka namna yetu ni sawa na kumwibia.

Septemba mwaka huu goti lilimlaza wiki kadhaa. Alipoweza kutembea alikwenda makaburini huku roho iko juu, akitegemea kukuta majani na uchafu wa mabata bukini. Akakuta jiwe limeoshwa na majani yamefagiliwa. Kando yake palikuwa na kikombe cha chai ya maziwa, imeshapoa, inanukia tangawizi.

Akaja mazoezini akatusimulia, huku anatutazama mmoja mmoja. Tukakana. Tangawizi sote tunatia. Duncan aliapa kwa mamake mzazi, Erick akasema hata njia ya kwenda huko haijui. Dafrosa hakukana wala hakukubali, kwa sababu alikuwa amelala kitini na koti lake, mdomo wazi, ametoka zamu na ametoka na kwingine alikokujua mwenyewe. Mzee alimtazama kwa muda mrefu. Kanuni yake ya Tokyo, iliyomgomea miaka yote hii, ilikuwa imekubali.

Akaingia jikoni. Tukasikia maziwa yanafurika na kumwagikia jiko. Akarudi na kikombe, akangoja Dafrosa aamke, akampa kwa mikono miwili, akaketi kando yake bila neno. Dafrosa alikitazama kile kikombe akajua amekamatwa, maana onyesho hilo ameliigiza mara nyingi kuliko yeyote kati yetu. Chai ilikuwa imeungua. Akainywa yote, machozi yakimtiririka. Kesho yake mzee akakata tiketi.

Tangu siku hiyo Jumapili za makaburini tumegawana, maana Dafrosa naye ni binadamu. Duncan amejichagulia miezi ya theluji, anasema ana koleo zuri, tutaona.

Mzee wetu, asante kwa miaka tisa, na kwa kutuua mara nyingi hivyo bila kutuumiza. Ulitukuta tumechoka, na unatuacha tumechoka, lakini uchovu wetu uliuandika kwa heshima. Nenda ukakae na dada yako. Ulale usingizi wako na wetu pia. Chai itakuwa ya maziwa, utatuwia radhi. Tunakuombea uzee wenye utulivu, na tafadhali sana, usirudi Jumatatu. Mama Fumiko ana watu.