Vidonge vya Kunenepa Kabla ya Kwanjula

Akina mama wenzangu, asanteni kwa kunipa nafasi. Jina la mtu sitataja. Mkimjua, mmemjua wenyewe.

Mimi ni askari wa geti. Kazi yangu ilikuwa kuinama na kile kioo chenye mpini mrefu, kuangalia chini ya magari. Nilikuwa najiandaa kwa kwanjula, kumtambulisha mchumba wangu nyumbani. Rafiki yangu niliyelinda naye geti ndiye angenisimamia. Akaniambia, "Munange, mwenzangu, gomesi ni vazi linalotaka mwili. Wewe itakuning'inia tu." Akanipa vidonge vya kunenepa. Nikamuuliza kama yeye anavitumia. Akajipiga kiunoni. "Huu mwili ulidhani umetoka wapi?"

Ndugu zangu, nawaambia, vilifanya kazi. Mashavu yalijaa, watu wakanisifu. Kisha kichwa kikaanza kuuma kila asubuhi. Nikanywa dawa ya malaria, wapi. Masikioni nikawa nasikia upepo ukivuma kwa mapigo ya moyo. Hilo sikumwambia mtu, nisije nikaitwa kichaa. Halafu kila nikiinama, macho yanazimika kidogo, yanarudi. Rafiki yangu akasema ni uchovu, akaniletea pakiti nyingine.

Mama ndiye aliyenipeleka hospitali. Daktari alimulika ndani ya macho, akasema mishipa inayopeleka picha kwenye ubongo imevimba, yote miwili. Maji yanayozunguka ubongo yalikuwa na presha kubwa, na alishuku vile vidonge na uzito ule wa haraka. Akataka kunichoma sindano ya mgongo apime. Nililia, maana mnajua watu wanavyosema, eti inalemaza. Mama akasema, "Kwenye kiti cha magurudumu nitakusukuma. Macho nitakutolea wapi?"

Nikachomwa. Miguu ndiyo hii, nimesimama nayo.

Rafiki yangu akaja wodini na juisi. Nikamwambia habari ya presha. Akauliza polepole, "Na ule upepo wa masikioni, bado?"

Nilikuwa nimemwambia daktari peke yake. Nikamuuliza ameujuaje. Akaangalia sakafu. Kumbe yeye aliusikia kabla yangu, macho yakaanza kufifia, akaviacha vidonge. Akaacha yeye, akaendelea kunipa mimi. "Nilidhani ni mwili wangu tu," alisema. "Na wewe ulikuwa unafurahi." Sindano haikuniuma hivyo.

Daktari aliniachisha vidonge taratibu, akanipa dawa ya kushusha ile presha. Jicho la kulia limepona. La kushoto, pembeni halioni kitu, na daktari amesema hapo halitaona tena. Sasa getini siinami tena, naandika wageni kwenye kitabu. Kwanjula ilifanyika, mwili ulikuwa umepungua tena, gomesi tukaibana kwa pini.

Namshukuru mama, manesi, na mume wangu aliyenioa bila kuuliza jicho. Nawe mwenzangu, kichwa kikiuma na macho yakizimika ukiinama, usingoje. Daktari akikuuliza umemeza nini, mtajie vyote, hata vya urembo.

Wananiambia nimsamehe. Najaribu. Lakini tulikula chakula cha mchana sahani moja, kila siku, na alikuwa ananiangalia nikifikicha macho.