Mzee Kaingu wa Lewa na Taa ya Afisi ya Bwana Bhikhubhai

Ifikapo tarehe 31 Disemba 1913, Mzee Kaingu wa Lewa atatua mzigo wa miaka ishirini na mitatu ya kuangaza afisi ya Bwana Bhikhubhai, mfanyabiashara wetu wa hapa Malindi. Afisi hiyo imo ndani ya nyumba yake, chumba cha chini chenye kuta nene za mawe na dirisha moja lielekealo uchochoroni. Asiyekaa dirishani huhitaji taa hata saa nne ya asubuhi.

Alipoanza kazi mwaka 1890 palikuwa na kandili moja ya mafuta ya nazi, imetundikwa kwenye boriti, moshi wake mwingi kuliko mwanga. Kaingu hakuridhika. Alipaka kuta chokaa, akatundika kioo cha kujitazamia nyuma ya kandili ili mwanga urudi chumbani. Wageni wakakitumia kuchania ndevu, naye akawa na kazi ya kuwaondoa kwa adabu.

Mwaka 1902 ikaja taa ya kisasa ya mafuta ya taa, ya kuwekwa mezani, yenye chemni ya kioo na kifuniko cheupe. Aliipenda mno. Chemni aliisugua kwa jivu, na ole wake mwingine agusaye utambi! Kila asubuhi aliiweka mkono wa kulia wa Bwana, maana kwetu cha heshima huwekwa kulia, na kumwekea mkubwa taa kushoto aliona ni kumdharau.

Bwana huandika barua zake zote mwenyewe. Mwaka baada ya mwaka macho yakamuuma, mistari ikapanda na kushuka. Mwaka 1911 alitutangazia kwamba macho yamekwisha. Angefunga afisi arudi Bara Hindi, nasi watumishi wake sote watatu tutafute riziki kwingine. Bibi Prabhavati, mkewe, akaanza kufunga masanduku.

Siku chache baadaye Kaingu aliketi kwenye kiti cha Bwana kujaribu chemni mpya. Hajui kusoma wala kuandika, ila alishika kalamu kwa kujifurahisha tu, akaona kivuli cha mkono wake kimefunika karatasi pale pale ncha ilipogusa. Akafahamu. Miaka tisa alikuwa akimwandalia Bwana giza.

Angeweza kuihamisha taa kimyakimya, pasijue mtu. Lakini alipanda juu, akabisha hodi, akamwambia Bwana kwamba macho yake hayana kosa, kosa ni la Kaingu, na akitaka kumfukuza amfukuze. Bwana akashuka, taa ikahamia kushoto, akaandika ukurasa mzima bila kufikicha macho. Bibi Prabhavati alifungua masanduku huku akiguna.

Mimi Harith, karani wa barua za Kiswahili, ndiye nikaaye dirishani. Nina langu la kusema, na Bwana aniwie radhi kulisikia leo. Kivuli kile nilikiona tangu nilipoajiriwa, mwaka 1910. Nikanyamaza, kwani taa haikuwa kazi yangu, na sikutaka kuonekana ninamfundisha mkubwa. Yeye asiyejua herufi hata moja alisema siku ile ile aliyojua. Naona haya mpaka leo.

Ahsante, Mzee Kaingu. Nenda kwako Dabaso kwa salama, Mungu akujaalie afya na siku nyingi za raha. Taa sasa nimekabidhiwa mimi. Nikikosea, nitasema.