Daftari la Pili la Profesa Kanyere

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio, ila leo msiniamini haraka. Nawaletea habari za mtu niliyemshuku kwa miaka mitano. Nilimshuku hapa hapa, kwenye maikrofoni hii, na ninyi mlinisikia. Mtu huyo amefariki. Ni Profesa Élisabeth Kanyere, wa chuo kikuu cha hapa mjini Goma. Tulimzika Jumanne iliyopita. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Wanasema ni presha, na safari hii sina sababu ya kubisha.

Mimi ni Zéphirin, mnanijua. Mke wangu husema nikiletewa zawadi nageuza kwanza chini kuona kuna nini. Ni kweli, nageuza. Mtu aliyekulia Goma asiposhuku, atauziwa kiwanja cha jirani yake mchana kweupe.

Basi tuanze na mama huyu tangu mwanzo. Profesa Kanyere alizaliwa upande wa Butembo, kwenye kilima. Baba yake alilima kahawa na maharage. Watoto walikuwa kumi na mmoja. Kumi na mmoja, wasikilizaji, na kilima kilikuwa kimoja. Mume wake, Papa Donat, aliniambia haya kwenye matanga, tumekaa kwenye viti vya plastiki: "Baba-mukwe alipogawa shamba, kila kijana alipata kipande kembamba. Ukiinua jembe, linaanguka kwa ndugu yako. Bawili baliacha kusalimiana mpaka leo. Élisabeth aliona ile akiwa mutoto. Njo kazi yake ilianzia pale."

Kazi yake ilikuwa nini? Ilikuwa utafiti. Alitaka kujua swali moja tu: udongo huu tulio nao utalisha watu wangapi, na kwa miaka mingapi, tukiendelea kuzaa na kulima jinsi tunavyozaa na kulima sasa. Alipima mashamba. Aliuliza idadi ya watoto. Alifundisha watu kukata matuta kwenye mteremko, kupanda miti pembeni, kuacha kukata kila kichaka kwa ajili ya makaa. Na alisema pia kupanga uzazi. Sitaficha hilo, kwa sababu hilo ndilo lililomletea taabu.

Mwaka 2019 alianza kufika Munigi, hapo juu tu, kijijini kwa mama yangu. Sasa jiwekeni mahali pao. Anakuja mama wa Butembo, amevaa viatu vya raba na kitenge safi, anauliza shamba lako linaishia wapi, na una watoto wangapi. Wewe ungemjibu nini? Munigi yote ilisema neno moja: mutu wa Butembo hapimi shamba la mutu bure.

Watu walimdanganya. Mwenye shamba kubwa alionyesha nusu. Mwenye watoto tisa alitaja watano. Yeye aliandika kila kitu, akashukuru, akaenda.

Lakini kulikuwa na mambo mawili yaliyowasumbua watu. La kwanza, alikuwa na madaftari mawili. Moja kubwa, la buluu, aliandika mbele yako. La pili dogo, lilikaa ndani ya mkoba, hakulifungua mbele ya mtu. La pili, rozari. Jumapili baada ya misa ya kwanza alionekana akitembea peke yake pembezoni mwa mashamba, polepole, rozari mkononi, midomo inacheza. Nani anasali rozari katikati ya maharage ya watu?

Ndipo siku moja ya mwaka 2020, kwenye kipindi cha simu za wasikilizaji, akapiga mama mmoja. Alisema hivi: "Papa Zéphirin, ule profesere iko na kaye mbili. Moja anatuonyesha, ingine anaficha. Na anatembeza rozari mu mashamba yetu. Iko anatafuta nini?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kumpigia profesa simu, nimuulize. Sikumpigia. Nilicheka. Mnakumbuka nilivyocheka. Kisha nikasema: "Mtu mwenye nia njema anahitaji madaftari mawili ya nini? Wamama wa Munigi, watu hawa wanatafuta watoto wenu. Fikirini mara mbili kabla ya kumwambia kitu." Nikaweka muziki.

Wasikilizaji wapendwa, maneno hayo yalichukua dakika moja. Kuanzia kesho yake milango ilifungwa. Wanafunzi wake wawili walifukuzwa kwa mawe karibu na Kanyaruchinya, wakakataa kurudi. Profesa alirudi peke yake, kwa miguu. Na mimi nilijisifu ofisini kwamba nimelinda wananchi.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo shamba la mama yangu linapoingia. Mama yangu ni mjane. Anaitwa Mama Zéphirin, kwa sababu mimi ni mtoto wake wa kwanza. Shamba lake lilikuwa kila kitu chake. Profesa alipofika kwake, wiki chache baada ya kipindi kile, mama hakumfungia mlango, ila alimpeleka mpaka kwenye mstari wa migomba akamwambia, shamba linaishia hapa. Haikuwa kweli. Nyuma ya migomba kulikuwa na maharage yake mengine, mpaka kwenye miti ya mpaka iliyopandwa na babu. Profesa akaandika kwenye daftari la buluu: hatua arobaini. Hatua arobaini, shikeni hesabu hiyo.

Mwezi wa tano 2021, mlima ukapasuka. Siwahadithii, mlikuwepo. Moto wa Nyiragongo uliteremka, ukapita juu ya shamba la mama yangu. Ulipopoa, hapakuwa na migomba, hapakuwa na miti ya mpaka, hapakuwa na njia. Kulikuwa na jiwe jeusi kutoka huku mpaka kule. Niambieni, nani anajua shamba lake likiwa hivyo?

Watu wakaanza kurudi, kuvunja mawe, kujenga vibanda juu yake. Ugomvi ukaanza. Jirani wa mama, Papa Darius, akasema sehemu kubwa ni yake. Mama akasema si kweli. Hakuna aliyekuwa na karatasi. Mwaka 2022 shefu wa kijiji akaita mkutano, akasema kuna mtu mmoja tu aliyepima kabla ya moto, aitwe aje na daftari lake.

Profesa Kanyere akaja. Nilikuwepo. Nilisimama nyuma, mikono kifuani, nikijiambia: leo tutaona amelipwa na nani.

Akafungua daftari la buluu, akasoma. Mama Zéphirin, hatua arobaini. Papa Darius akaruka juu: "Batu bote banasikia? Quarante! Yeye mwenyewe njo alisema. Quarante ni quarante!" Na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mama yangu angesema nini? Kwamba alidanganya? Uongo wake ulikuwa umekaa kwenye karatasi miaka miwili, na sasa ndio unamnyang'anya shamba. Nilimwona mama anashika kichwa chake kwa mikono miwili, na niliona haya, lakini nilimchukia zaidi yule profesa.

Profesa akangoja watu wanyamaze. Kisha akafungua mkoba, akatoa lile daftari dogo. La pili. Mkutano mzima ukanung'unika, mimi nikiwa wa kwanza.

Akasema: "Hii njo kaye yenye mulisema kwa redio. Mu kaye kubwa naandikaka yenye mutu ananiambia. Mu hii naandikaka yenye niliona." Akanyanyua rozari. "Kila punje, hatua kumi. Nilipita nyuma ya migomba ya huyu mama siku ya Mungu, batu bakiwa misa ya pili. Punje saba, na hatua mbili. Sabini na mbili. Mupaka ni kwenye miti ya muzee."

Papa Darius akauliza: "Kumbe ulikuwa unatupeleleza?"

Akajibu bila kupandisha sauti: "Ndiyo, niliwapeleleza. Nyinyi mulinidanganya, na mie niliwapeleleza. Sikuyaka kuhesabia batoto benu ili bapunguzwe. Nilikuya kuhesabia udongo. Udongo haudanganyake."

Akasoma na ya Darius pia. Naye alikuwa ameficha hatua kumi na nane upande wa bonde. Akarudishiwa zake. Mzee mzima alikaa chini akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nyumba thelathini na moja zilisomwa siku ile. Mama yangu akapata hatua zake sabini na mbili za jiwe. Leo amevunja, ameleta udongo kwa kikapu, ana viazi vitamu na miti pembeni, kama profesa alivyomfundisha.

Mnadhani nilimwomba radhi? Hapana. Nilijiambia kuna kitu. Mtu hatendi haya bila faida. Nilingoja faida yake ionekane. Nikangoja 2023, nikangoja 2024. Vita vikaja mpaka kwetu, kambi zikajaa, kambi zikabomolewa, watu wakarudi mashambani kwao, na yeye bado anapita na viatu vyake vya raba. Faida haikuonekana. Na hata leo, niwe mkweli, jambo la kupeleleza watu wakiwa kanisani halinifurahishi. Lakini mimi nilifanya baya zaidi, tena kwa kicheko.

Kwenye matanga nilimwona bwana mmoja wa koti la kijivu. Hakulia, hakula. Alimuuliza kila mtu wa familia yale madaftari yako wapi, eti kwa ajili ya maktaba. Maktaba ipi, hakutaja. Bwana wa koti la kijivu, kama unasikiliza, tumekuona. Ninyi wengine msiniulize madaftari yako wapi. Mimi niliyepiga kelele kwamba yanafichwa, leo nawaambia yamefichwa, na yatabaki hivyo. Mwenye ugomvi wa mpaka aende kwa familia pamoja na jirani yake. Wawili, si mmoja. Ndivyo marehemu alivyoagiza.

Binti yake, Héritière, alinivuta pembeni siku ile. Akasema: "Papa Zéphirin, mama aliacha alama ku ukurasa moja. Alisema siku utakuya, usome wewe mwenyewe." Akanipa daftari dogo. Herufi zilikuwa ndogo, safi. Ukurasa wa mama yangu. Nawasomea kama ulivyo:

"Mama Zéphirin. Amesema shamba hatua 40. Nimetembea 72. Amesema watoto watano, akanitajia majina yao. Zéphirin hayumo. Kijiji kizima kinamwita kwa jina hilo. Sikumuuliza. Redio ilikuwa inawaka mezani, na ni yeye aliyekuwa anaongea."

Nilirudi Munigi siku hiyo hiyo. Nikamuuliza mama, kwa nini mimi? Alikuwa anamenya viazi, hakuacha. Akasema: "Wewe njo ulisema kwa redio banatafuta batoto. Nikawaza, kama banatafuta, ule wa kwanza basimupate." Nililia mbele yake, mwanaume wa miaka arobaini na sita.

Kwako Papa Donat, kwa Héritière na ndugu zake sita, kwa wanafunzi wake waliopigwa mawe kwa sababu ya mdomo wangu, poleni. Poleni sana. Mungu ampokee mama yenu. Ndiyo, alizaa saba, na watu walimtania kwa hilo kila alipofika, naye alicheka nao.

Na ninyi, wasikilizaji wapendwa, endeleeni kushuku. Sitawadanganya kwamba mji huu unawaruhusu kuacha. Ila mkimshuku mtu, mfuateni mumuulize yeye mwenyewe, msije kuniuliza mimi. Na jioni hii mkikaa kula, angalieni watoto walio mezani, kisha angalieni shamba lililobaki, mzungumze baba na mama, bila redio.

Mimi nina jambo moja la kusahihisha, halafu nanyamaza. Profesa Kanyere, shamba ni hatua sabini na mbili. Watoto ni sita. Wa kwanza anaitwa Zéphirin. Andika, mama.