Mwalimu Klachi na Kanda za Mbuzi Kidevu

Familia inapenda kuwatangazia ndugu, jamaa, majirani na wote waliokuja kuchungulia tu, kwamba marehemu hakuacha shamba, ghorofa wala cheo. Ameacha makabati mawili ya kanda za video za vikaragosi vya watoto. Hatuombi radhi.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mwalimu Klachi, alizaliwa tarehe 14 Februari 1970, kitinda mimba wa fundi bomba na mshona mashuka ya hospitali. Kwao hapakuwa na televisheni. Kila Jumamosi alipanda juu ya tofali nje ya dirisha la jirani kumtazama Kidevu, mbuzi wa kitambaa aliyegombana na mtaa mzima, tena kwa haki. Jirani naye alikuwa na tabia ya kuvuta pazia kabla kipindi hakijaisha. Basi marehemu akakua na mianzo tele kichwani, mwisho hata mmoja hana.

Shuleni aliulizwa akikua anataka kuwa nani. Akajibu, "Mbuzi." Akachapwa. Alipoulizwa tena hakubadilisha jibu. Alimaliza sekondari mwaka 1988.

Mwaka 1993 alianza kufundisha udereva, kazi aliyoifanya mpaka alipougua. Wengi mlioketi hapa ni wanafunzi wake, ndiyo maana magari huko nje yamepangwa kama meno. Mshahara wake wa kwanza ulimleta nyumbani Kidevu wa dukani, ndani ya jalada lake. Alitazama mpaka majina yote yakaisha kupita, kisha akasema, "Kumbe walipatana." Tangu siku hiyo kila kanda ya Kidevu iliyotoka ilikuwa yake.

Kanda moja ilimezwa na deki. Fundi aliyeitapisha ndiye aliyemuoa, tarehe 3 Agosti 1996. Ndoa nusura ivunjike kabla haijafungwa, kwa kuwa rafiki wa bwana harusi aliyetumwa kumweleza baba mkwe wa binti habari zake alikosea neno, akasema anakusanya vibaraka.

"Vibaraka!" mkwe akaruka. "Vibaraka wa nani?"

"Vikaragosi, baba," akajibu bibi harusi, aliyeambiwa anyamaze. "Kibaraka hulipwa."

Mkwe alicheka mpaka akaomba maji.

Kaka yake mkubwa, msomi wa familia, hakucheka kamwe. Mwaka 1999, akiwa hana kanda tupu, alichukua ya Kidevu, akaziba kwa karatasi kile kitobo kinachozuia kurekodi, akawapa wapiga picha warekodi mahafali yake juu yake. Marehemu hakugomba. Aliirudisha kabatini, akaandika ubavuni: "Kidevu apata digrii." Kila mgeni alionyeshwa: mbuzi anafungua kinywa aimbe, ghafla anatokea kaka amevaa joho, anapiga miayo.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Alipolazwa mara ya mwisho, kaka alikuja na uamuzi.

"Mdogo wangu, tuongee kama watu wazima. Ukiondoka, zile takataka zinakwenda jalalani. Na kwenye wasifu zisitajwe. Kuna wakubwa watakuja."

"Sawa, kaka. Anza na ile ya digrii yako."

Kaka akavuta kiti, akaketi. "Jamani, ile... ndiyo pekee niliyonayo."

"Nyingine nazo ndizo pekee. Zinakaa zote au zinakwenda zote."

Mnamshuhudia kaka hapo mbele. Funguo za makabati anazo yeye, na ameapa mbele ya shemeji yake kwamba zote zinakaa, na mtoto yeyote wa mtaa atakayegonga mlango atafunguliwa, atatazama mpaka mwisho.

Mwalimu Klachi alifariki Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, asubuhi. Ameacha mume, kaka, wifi, na watoto wa kaka waliomwita shangazi hata alipowafokea kwa kukosea gia.

Wasifu huu alisomewa na mumewe pale kitandani, nafasi ya tarehe ikiwa wazi, kwa amri yake mwenyewe, asije mtu akafuta mbuzi. Alisikiliza wote akiwa amefumba macho. Mume alipofika "Apumzike kwa amani," alifumbua jicho moja.

"Nani kakwambia nimechoka?"