Costansia na Swali Alilomwimbia Kaka Yake

Kitendawili, wasikilizaji wapendwa. Najua umesema tega, hata kama uko peke yako na jembe lako. Haya. Ana tumbo lakini hali. Ana mishipa lakini hana damu. Mlaze mapajani, mkune, atakutajia watu waliokufa zamani. Nani huyo?

Watu wa Karagwe na Kyerwa mmeshapata. Ni enanga. Ule mti uliochongwa kama hori la ng'ombe, ukafungwa nyuzi za mshipa. Kwa desturi yetu enanga ni ya mwanamume. Yeye anapiga, mwanamke anaitikia kwa makofi. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyeipiga. Costansia Rweyemamu wa Nyakasimbi, mtunzi na mwimbaji. Ametutoka wiki iliyopita, baada ya kuugua figo.

Baba yake, mzee Rweyemamu, alikuwa mpiga enanga. Mzee akipiga barazani, Costansia alikaa mlango wa jikoni akimenya ndizi kwa mwendo wa wimbo. Wimbo ukiwa wa polepole, nyumba nzima ilichelewa kula.

Siku moja mzee alikuwa anaanika kahawa. Akasikia enanga inalia ndani. Akajua mwanawe Telesfori ameanza kujifunza, akaja mbio amefurahi. Akamkuta Costansia, vidole vyeusi kwa utomvu wa ndizi. Telesfori yuko pembeni anacheka, akamwambia baba yake:

"Tata, huyu utamwoza nani? Nani atalipa mahari ya mpiga enanga?"

Mzee akamwambia, "Wewe unacheka, mwenzako anapiga. Mwache amalize." Akakaa chini, akasikiliza mpaka mwisho.

Mzee Rweyemamu alipofariki, ukoo ulikaa siku ya kumaliza matanga ili kumtaja mrithi. Akatajwa Telesfori. Akapewa nyumba. Akapewa kibanja, lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Akapewa na enanga, yeye asiyejua hata kukaza uzi. Costansia hakutajwa. Walisema mtoto wa kike ana kwake huko anakokwenda.

Akaolewa Mabira, kule Kyerwa. Akapalilia kibanja cha mume. Mume akaleta mke mwingine, na Costansia akaambiwa arudi kwao. Akarudi Nyakasimbi, binti yake Vero mgongoni. Vero huyo sasa ni mtu mzima. Amenisimulia kama alivyosimuliwa na mama yake.

"Mama alimkuta mjomba Telesfori anapogoa migomba. Akamwamkia. Akamwambia, kaka, nilipokuwa hapa mlisema kwetu ni kwa mume. Kwa mume wamesema kwetu ni hapa. Sasa niambie wewe, kwetu ni wapi? Mjomba aliendelea kukata majani makavu. Halafu akasema, weka mzigo jikoni kwanza."

Hilo "kwanza", wasikilizaji wapendwa, lilikuwa refu. Costansia alilala jikoni mwa kaka yake mpaka alipochoka moshi. Akahamia Nyakahanga, akawa anauza chai na maandazi karibu na hospitali. Alipopata uwezo akaenda kwa mchongaji, akaagiza enanga. Mchongaji akauliza ni ya nani, maana kwa mwanamke asingechonga. Costansia akamjibu, "Ya mtoto wa Rweyemamu." Hakusema uongo.

Na lile swali akalifanya wimbo. Mnaujua.

*Nilipanda mgomba, wakasema ni wa kaka.*
*Nikapanda mwingine, wakasema ni wa mume.*
*Kaka, kwetu ni wapi?*

Mara ya kwanza aliuimba harusini. Wazee kadhaa walisimama, wakatoka nje na viti vyao. Mukabera, yule mama mwenye asili ya Rwanda aliyekuwa mwitikiaji wake, ananiambia Costansia aliondoa vidole kwenye nyuzi. "Nikamwambia, Costa, piga tu. Wametoka na viti, pombe yao ya rubisi wameiacha ndani. Watarudi." Na kweli walirudi. Bibi harusi akaomba wimbo urudiwe.

Aliimba pia juu ya senene, wale panzi wetu wa kuliwa. Zamani mwanamke aliwakamata, akawanyonyoa mabawa, akawakaanga, lakini kula walikula wanaume. *Mabawa kwangu, utamu kwako.* Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu, kila mmoja na yake moyoni. Wako waliosema anachonganisha watu na waume zao. Nilimuuliza hapahapa studioni. Akanijibu, "Bibi, mimi simchukii mwanamume. Nimezaliwa na mwanamume aliyekaa chini akanisikiliza. Nataka na wengine wakae."

Lakini aliyemtaka akae hasa ni mmoja. Telesfori. Wimbo ulimfuata kila mahali. Akipita kijiweni, vijana wa bodaboda wanamwamkia kwa adabu zote.

"Shikamoo mzee Telesfori. Dada anauliza."

"Marahaba. Nimesikia."

Hivyo tu. Nimesikia. Hata nje ya kanisa, hata mnadani. Jibu hakulitoa.

Kwa Vero, kwa Mukabera, kwa mzee Telesfori na ukoo wote, poleni sana. Mungu ampumzishe Costansia. Na wewe unayenisikiliza, leo ukishazima redio, watazame mabinti zako. Yule anayepalilia, yule anayechuma kahawa. Jiulize umewaambia kwao ni wapi. Kama hujawaambia, wana midomo, watakuuliza.

Sasa niwaambie ya Jumamosi. Mzee Telesfori mwenyewe ameniruhusu.

Costansia alipofariki, Vero hakujua amzike wapi mama yake. Mabira walisema aliondoka, si mtu wao tena. Wazee wa ukoo Nyakasimbi walisema binti aliyetolewa mahari hazikwi kwenye kibanja cha baba zake. Vero akakodi gari, akaleta jeneza Nyakasimbi hivyohivyo. Wazee wakalisimamisha barabarani, mbele ya njia ya kuingia nyumbani. Mukabera akakaa chini kwenye vumbi kando ya gari, akasema hapo hatoki. Wakamtafuta mrithi ili aseme neno, hawakumwona. Mzee mmoja akasema, "Mwacheni. Lini mliwahi kumsikia akijibu?"

Ndipo migomba ikatikisika. Telesfori akatoka, jembe begani, udongo mwekundu mpaka magotini. Suruali ya msibani imeharibika kabisa. Wazee wakamwita, akawapita. Akaenda mpaka kwenye gari, akaweka mkono wenye udongo juu ya jeneza.

"Costansia," akasema, "kwenu ni hapa. Nimekuchimbia mwenyewe, ubavuni kwa Tata." Akamgeukia Vero. "Na wewe mwanangu, usije ukaniimbia. Kwenu ni hapa."