Mfuga Nyuki Aliyetoroka Benchi

Basi lilipoondoka kituo cha hospitali, mama aliyekaa mbele yangu alimgeukia mdogo wake, mfuga nyuki aliyenusurika kufa mwaka jana kwa kuumwa na nyuki wake mwenyewe.

"Nesi alikwambia ukae pale benchini nusu saa baada ya sindano. Umekaa?"

"Nimekaa, dada."

"Wapi? Nimekuona ukichomoka mlango wa nyuma!"

Mfuga nyuki akacheka. "Ni sumu ya nyuki kidogo tu ile, ya kuuzoesha mwili. Wanaiongeza polepole, na mwili umeshazoea."

"Leo wameiongeza?"

"Wameiongeza."

"Ndiyo maana ya kukaa, we kichwa ngumu! Koo likikuvimba humu ndani, nani atakuchoma sindano ya kukuokoa? Kondakta?"

Kondakta alisogea nyuma haraka, kama mtu aliyeombwa chenji.

"Mizinga yangu haiwezi kusubiri, dada."

"Na wanao je, wanaweza?"

Mfuga nyuki alianza kujikuna shingo taratibu, kwa kuibia. Mimi niliyekuwa nyuma yake niliona vipele vilivyovimba vikipanda kutoka kwenye kola. Nikamgusa dada mtu begani na kumwonyesha kwa kidole.

"Dereva, simama! Simama hapa hapa!"

Basi likasimama.

"Inuka, tunarudi."

"Ni joto tu, dada," alisema huku ameng'ang'ania kiti, lakini sauti ilimtoka nyembamba mno, na safari hii hakucheka.